Volti za Idil

Keynan Billow hajawahi kununua maziwa bila kuyaonja mbele ya muuzaji. Huyatia kidogo kiganjani, huyalamba, hufumba jicho moja, kisha husema "Haya," kwa sauti ya mtu aliyemsamehe mwenzake kosa ambalo halijathibitishwa. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni Garissa wamemzoea. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba akitaka ukweli wa maziwa haya aende akamwulize ngamia mwenyewe. Wateja wote wakaangua kicheko. Keynan hakucheka, kwa sababu alikuwa anatazama mkono wa pili wa mama yule unafanya nini.

Msimdhanie mtu mbaya. Ni mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja hapo mjini, mrefu, ndevu zimeanza mvi, shati halikosi pasi hata joto likizidi. Hadhulumu mtu, hapigi kelele, halali jirani yake akiwa na njaa. Ila amezaliwa na shaka, au tuseme amelelewa nayo. Baba yake alikuwa dalali wa mifugo Habaswein, na sokoni kule bei ya ngamia haitangazwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Walio kando huona nguo ikichezacheza tu. Keynan alikuwa akikaa miguuni pa baba yake tangu hajaota meno ya utu uzima, akiwatazama wazee wenye nyuso tulivu wakitaja habari za mvua na afya za watoto huku mikono yao inapigana vita chinichini. Mtoto yule akahitimisha kwamba kila uso una kitambaa chake, na kazi ya mtu mwenye akili ni kujua kilicho chini.

Ndiyo maana alipenda fizikia. Alisema fizikia haina kitambaa: ukipima sawasawa leo, kesho utapata kile kile, na anayepata kingine amekosea au amedanganya. Alikwenda kusoma Nairobi, akarudi na shahada mbili, akamwoa Maryan, muuguzi mcheshi ambaye hadi leo hajui kwa nini alimkubali. Maryan humwambia, "Wewe siku ya kufa utaamka umwambie mwosha maiti aonyeshe kwanza kitambulisho." Keynan humjibu kwamba si wazo baya.

Chuoni kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote, nacho ni bomba la kioo. Lina urefu wa mkono wa mtu, na kila ncha ina sahani ndogo ya chuma. Pampu hunyonya hewa yote iliyomo, kisha gesi ya naitrojeni huingizwa kiasi kidogo kutoka kwenye mtungi, valvu hufungwa, na umeme huongezwa polepole kwa kuzungusha kitufe. Mwanzoni hakuna kitu. Volti zinapanda, kioo kimenyamaza, wanafunzi wanaanza kunong'ona. Kisha ghafla bomba zima linajaa mwanga wa waridi unaoelekea zambarau, na hata mwanafunzi mvivu kupita wote hufungua mdomo.

"Gesi haipitishi umeme kwa hiari yake," Keynan huwaambia. "Ndani humo mna elektroni chache tu, nazo zinakimbia kama mtu aliyechelewa katikati ya soko la mifugo. Kila hatua anagongana na mbuzi, anapoteza mwendo. Lakini volti zikimsukuma vya kutosha, atamgonga mmoja hadi amtoe elektroni. Sasa wanakimbia wawili. Halafu wanne. Hapo ndipo gesi inawaka."

Kuna sura nyingine baada ya hiyo, inayohusu molekuli zilizosisimka, yaani zile zilizogongwa bila kuvunjika. Keynan aliifundisha kila mwaka, lakini aliifundisha mbiombio, kwa chaki tu, maana wakati huo mitihani huwa imeshabisha hodi. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri, wakaisahau.

Mwaka huo wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho walipewa kazi ya bomba: kupima gesi inawaka kwa volti ngapi, siku hadi siku, hali ikiwa ile ile. Mmoja ni Salah, kijana wa hapo hapo Garissa, mpole, mwandiko mzuri. Mwingine ni Idil, binti wa wafugaji kutoka Bute, msichana pekee katika darasa zima la fizikia. Idil hakuwa mwongeaji. Akiulizwa swali hukaa kimya hadi watu wadhani hakusikia, kisha hujibu kwa ufupi na kwa usahihi. Shule ya wasichana ya kwao ilikuwa haijawahi kupata mwalimu wa fizikia, na nafasi ile ilikuwa inamngoja yeye. Baba yake alikuwa ameshawatangazia watu wote visimani.

Kazi yenyewe ilipangwa kwa utaratibu wa pale. Wavulana walitumia maabara asubuhi, na Salah alipima kitu cha kwanza, chumba kikiwa bado kina ubaridi. Kisha bomba liliachwa likiwaka ili darasa lichore rangi zake na kupima mwanga wake, mpaka adhana ya adhuhuri. Hapo Salah alizima umeme, akaacha gesi imefungwa ndani kwa valvu ili isipotee bure, na wanaume wote wakaondoka kwenda msikitini. Huko, kama tunavyojua, mtu haswali tu akarudi. Kuna kusalimiana, kuna habari, kuna chakula, kuna chai. Wasichana walikuwa na chumba kidogo cha kuswalia kinachofungukia maabara. Idil aliswali hapo, akakunja mkeka, akaenda moja kwa moja kwenye bomba wakati pametulia. Nafiso, mhudumu wa maabara, mama wa makamo, alikaa naye ili binti asiwe peke yake.

Matokeo yalipofika mezani pa Keynan, damu ilimchemka. Volti za Salah zilikuwa juu, karibu sawa kila siku. Volti za Idil zilikuwa chini. Si chini kidogo. Chini kwa kiasi ambacho mtu hawezi kusingizia macho wala geji. Bomba lile lile, gesi ile ile, siku zile zile.

Wengine wangesema kuna jambo hapa la kuchunguzwa. Keynan alisema kuna mtu hapa wa kuchunguzwa.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema kabla ya wanafunzi, akapima mwenyewe. Bomba likawaka pale pale alipoandika Salah. Akapima siku ya pili asubuhi. Vile vile. Basi. Msichana amepika matokeo. Pengine hakuwa hata analiwasha bomba. Alikaa akipiga soga na Nafiso, akatunga volti zake kichwani. Na mbona Nafiso hakusema? Keynan akakumbuka kwamba Nafiso naye ametokea upande wa Bute. Aha. Mambo yakaanza kumwingia, moja likivuta jingine, na kadiri yalivyoingia ndivyo yalivyopangika vizuri, na kadiri yalivyopangika vizuri ndivyo alivyozidi kuyaamini. Hiyo ndiyo shida ya mtu mwenye shaka. Tunamsifu kwamba hadanganyiki, kumbe kuna mtu mmoja anayemdanganya kila siku, naye hula naye sahani moja.

Alimwita Nafiso ofisini. Alimhoji kwa Kiswahili, si kwa Kisomali chao, ili lionekane jambo la ofisi, ila bado alimwita eeddo, yaani shangazi.

"Eeddo Nafiso, huyu msichana huwasha bomba kweli, au hukaa tu?"

"Anawasha, Maalim. Hiyo rangi yake mimi naona."

"Unajua volti zake ni ngapi?"

"Volti mimi sijui. Mimi najua kufagia. Lakini nakaa kwa hii kiti kila siku mbaka anafunga mlango, na wallahi huyo msichana hachezi."

"Wewe ni wa kwao?"

Nafiso akamtazama. Alikuwa na umri wa kumwita mwanangu akitaka. "Mimi ni mtu ya Mungu, Maalim," akasema, akachukua ndoo yake, akatoka bila kuaga. Keynan akaona hilo nalo ni dalili.

Akamwita Idil. Akamwekea karatasi mbili mezani, yake na ya Salah, akakaa kimya akimkazia macho, kwa kuwa anaamini mwongo hawezi kuvumilia kimya. Lakini Idil kimya alikizoea. Akazisoma zote mbili taratibu.

"Sielewi, Maalim," akasema mwisho.

"Huelewi nini?"

"Kwa nini ni tofauti. Mimi nilipima."

"Naitrojeni haina upendeleo, Idil. Haimtazami mtu usoni. Kama wewe na Salah mmepima kitu kimoja mkapata viwili, mmoja wenu hakupima."

"Nilipima," akarudia.

Keynan alifanya jambo ambalo yeye aliliona la haki kabisa. Alimwambia apime tena, mbele yake na mbele ya mkuu wa idara, kesho yake asubuhi kabla ya darasa. Kama volti zitatoka chini, ataomba radhi. Zikitoka juu, suala linakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Na kamati ikithibitisha udanganyifu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufutwa, wala hakuna cheti. Idil alikubali bila kusita. Usiku huo, alisema baadaye, alilala vizuri.

Asubuhi alikuja na hijabu safi ya buluu, akafunga valvu, akaangalia geji, akaanza kuzungusha kitufe. Volti zikafika kwenye namba zake. Bomba kimya. Akazungusha zaidi. Kimya. Mkuu wa idara akajikohoza. Idil akageuka kumtazama Nafiso aliyesimama mlangoni, kama anayemwomba ushahidi, kisha akazungusha tena, mpaka volti zikafika kwenye namba za Salah. Bomba likawaka. Mwanga ule wa waridi ukampiga usoni, na machozi yakaonekana yote.

"Umeona," Keynan alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi, kwa maana ulikuwa upole wa mtu aliyemaliza kazi.

Idil akazuiwa kuingia maabara. Kamati ikapangwa kukaa Jumatatu. Habari zikatembea, na habari za Garissa hazihitaji gari. Kabla ya jua kutua zilikuwa zimeshafika Bute, na baba mtu akapiga simu kuuliza neno moja tu, kama ni kweli. Idil alimwambia si kweli, lakini hakuweza kumweleza kwa nini bomba lilimkana. Mzee akasema atakuja kumchukua.

Ungedhani Keynan sasa angepumzika. Hata. Shaka haina likizo. Maryan alimwona akigeuzageuza anjera sahanini bila kula.

"Nini tena?" akamwuliza.

"Alipokosa ile asubuhi, alishangaa."

"Nani?"

"Msichana. Aliyepika matokeo angetafuta udhuru. Angesema geji mbovu, angesema anaumwa. Huyu alishangaa."

"Basi hakupika."

"Au ni mwigizaji mzuri kuliko nilivyodhani."

Maryan akakusanya vyombo. "Keynan, walaal, ndugu yangu, kuna siku utaishiwa na watu," akasema, akaenda jikoni.

Kesho yake, Alhamisi, akawa amepata mtu mpya wa kumshuku. Je, kama ni Salah? Salah ndiye anayezima bomba na kufunga valvu kabla ya adhuhuri. Akiilegeza kidogo tu, akaingiza gesi au akaitoa, atakayekuja baada yake atapata volti tofauti, na yeye Salah atabaki msafi na mwandiko wake mzuri. Keynan alijilaumu kwa kuchelewa kuliona hilo. Akaamua siku hiyo hatakwenda msikitini na wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Safu ya mbele ilikuwa na nafasi yake iliyojulikana.

Adhana ilipotoka, Salah alizima umeme kama kawaida, akaondoka na wenzake, njaa ikiwabishia hodi tumboni. Keynan akajifungia ndani, akatia ufunguo mfukoni. Akaikagua valvu. Imefungwa barabara. Geji, sawasawa na asubuhi. Mtungi, haujaguswa. Akashika kioo kwa kiganja: hata joto lilikuwa limeshapungua. Hakuna lililoharibiwa. Akaingia kile chumba kidogo cha wasichana, akatandika mkeka uliokuwa umekunjwa pale, akaswali. Aliporudi alikuwa amekawia kiasi cha swala yenyewe, hakuna zaidi. Hakuwa na mtu wa kusalimiana naye.

Akazungusha kitufe. Volti zikapanda. Alikuwa bado anafikiria namna atakavyomwambia mkuu wa idara kwamba Salah hana hatia, wakati bomba lilipowaka.

Lilikuwa limewaka chini. Limewaka kwenye volti za Idil.

Jambo la kwanza alilofanya, na hili litawaonyesha ni mtu wa namna gani, ni kugeuka nyuma kutazama nani anamchezea. Mlango umefungwa. Akachungulia chini ya meza. Akafungua kabati. Akavuta dirisha, nalo lina nyavu za chuma ambazo hata paka hapiti. Akarudi kwenye geji, akaigonga kwa ukucha, akaigonga tena. Akazima. Akawasha papo hapo, na bomba likawaka chini zaidi ya mwanzo. Akasimama katikati ya maabara, ufunguo mfukoni, jasho likimtiririka mgongoni, na katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kushukiwa isipokuwa Keynan Billow.

Akakaa kwenye kiti cha Nafiso.

Sura ile ya mbiombio ikamrudia, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe. Molekuli iliyogongwa na elektroni bila kuvunjika hubaki imesisimka. Imebeba nguvu iliyopewa. Nyingine huitema hapo hapo kama mwanga, na huo ndio mwanga tunaouona. Lakini zipo zinazoikalia, na naitrojeni ni hodari kwa hilo. Umeme ukizimwa, mwanga ukitoweka, zenyewe bado zimebeba. Elektroni ikija kugongana na molekuli kama hiyo, hainyang'anywi mwendo kama kawaida. Inaongezewa, inaondoka mbio kuliko ilivyokuja. Na molekuli yenyewe, kwa kuwa imeshapanda nusu ya mlima, haihitaji msukumo mkubwa ili itoe elektroni yake. Hata vipande vya molekuli zilizovunjika, vinapokutana tena kwenye kuta na kwenye sahani, huachia nguvu inayozisaidia elektroni mpya kuzaliwa. Kwa hiyo gesi iliyotoka kuwaka punde si sawa na gesi iliyolala usiku kucha. Kwenye geji ni moja. Kwa mtungi ni moja. Elektroni ndizo zinazokuta tofauti.

Alikuwa ameyafundisha hayo miaka yote. Hakuwahi kuyaona kwa sababu yeye hupima asubuhi, gesi ikiwa imeshatulia, au hupima akitoka msikitini, akiwa ameshasalimiana na mji mzima na kunywa vikombe vyake vya chai. Kila alichopima kilikuwa kimelala. Ni Idil peke yake aliyekuwa akiifikia gesi ikiwa bado macho, kwa kuwa wasichana walipewa chumba hapo hapo maabara na mkeka mmoja, na hakuna aliyewangoja kwa chai.

Aibu ilimshika hasa. Si ile ya kukosea hesabu. Hiyo mwalimu yeyote anaijua, unafuta ubao unaendelea. Hii ilimshika shingoni. Msichana alipima kweli, siku hadi siku, akaandika alichokiona hata kilipokuwa hakifanani na cha mwenzake. Angeweza kuchungulia karatasi ya Salah akaigiza, na mwalimu wake angempa alama nzuri na kumsifu. Alihukumiwa kwa sababu hakudanganya.

Akaenda kwenye bweni la wasichana jua likiwa kali, korongo wamejipanga kwenye paa kama kawaida yao. Mwanamume haingii, kwa hiyo akasimama getini akamtuma Nafiso, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamfanya arudie. Idil akatoka. Begi lake lilionekana nyuma ya mlango, limeshafungwa.

Keynan akaeleza yote. Alieleza vizuri, tumpe haki yake. Hajawahi kuifundisha sura ile vizuri namna ile. Alieleza bomba, swala, chai, molekuli zinazoikalia nguvu, elektroni zinazoongezewa. Alisema, "Nimekukosea, Idil. Ulipima sawasawa. Kosa ni langu, na Jumatatu nitalisema mbele ya kamati hivyo hivyo, bila kupunguza." Alisema kwa Kisomali.

Alitarajia machozi, au hasira. Alikuwa tayari kwa yote mawili. 

"Umeiona wewe mwenyewe?" Idil akauliza.

"Nimeiona leo adhuhuri."

"Nani mwingine ameiona?"

"Nilikuwa peke yangu. Nilijifungia."

Idil akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu alilolitegemea. "Ulisema kama asubuhi ile volti zitatoka chini utaomba radhi. Zilitoka juu," akasema. "Leo unasema zimetoka chini, na mimi sikuwapo. Jumatatu kamati ikitaka kupima, zikatoka juu tena, Maalim, utasema nini?"

"Hazitatoka juu. Nimekueleza sababu."

"Siku ile pia ulikuwa na sababu."

 Keynan alitaka kumwambia, "Niamini," lakini akaliacha, kwa kuwa hakukumbuka kuwahi kumwachia mtu yeyote neno hilo lipite bila kulikagua.

Jumatatu alisema mbele ya kamati kila alichoahidi kukisema. Mkuu wa idara akashusha pumzi, wajumbe wakatazamana kwa faraja, na mwenyekiti akasema basi, alhamdulillahi, suala limekwisha, binti aendelee na masomo yake na watu waende zao. Baba yake Idil, aliyekuwa amesafiri tangu Bute na vumbi bado liko kwenye kilemba, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mimi naomba kitu," Idil akasema. Wote wakageuka. "Naomba nipime mbele yenu. Asubuhi hii mara moja, ikiwa imelala. Halafu tuiache iwake mpaka adhuhuri, tuizime, tuswali hapa hapa, nipime tena. Sitaki kusamehewa kwa maneno."

Mwenyekiti akasema hakuna haja. Baba yake akasema, "Maandalizi yote ni ya nini, mwanangu, si wamekubali?" Idil akasema mara ya kwanza pia walilikubali neno la Maalim. Mwenyekiti akamtazama Keynan, naye akasema ni haki yake, na ataandaa bomba yeye mwenyewe.

"Na naomba Maalim asiwe ndani," Idil akasema.

Alisema kwa adabu, macho chini, kwa sauti ya binti anayezungumza na mtu wa umri wa adeer yake, yaani baba mdogo. Hakukuwa na jeuri hata chembe, na ndiyo maana hapakuwa na mahali pa kumkemea. Keynan akautoa ufunguo wa maabara mfukoni, akauweka mezani.

Adhuhuri ilimkuta ukumbini, nje ya mlango wa maabara. Walikuwa wamepima asubuhi, wakaacha bomba linawaka, na sasa wameswali ndani kwenye mikeka ya kuazima, mzee wa Bute akiwa imamu. Keynan aliswali peke yake nyuma ya ukuta, akiifuata sauti. Kisha akasikia kiti kikivutwa. Akasikia mngurumo mdogo wa umeme, ule anaoujua kuliko sauti ya watoto wake, ukipanda taratibu. Akajikuta anahesabu kwa kichwa volti asizoziona. Akajikuta, Mungu amsamehe, anajiuliza kama valvu ilifungwa vizuri, kama mtu hakuigusa.

Kisha ndani wote wakapumua kwa pamoja.

"Chini," mkuu wa idara akasema. "Chini kabisa, subhanallah. Andika."

Baba mtu akacheka kicheko kirefu cha mtu wa nyikani. Nafiso akapiga kigelegele kimoja, akakikatiza mwenyewe. Watu wakaongea kwa mkupuo, na katikati ya maneno yale Keynan akaisikia sauti ya mwenyekiti, ya furaha, ya kutaka mambo yaishe vizuri: "Idil, tumwite mwalimu wako aingie sasa aone?"

Keynan akanyoosha shati lake. Akashika kitasa.

"Bado," Idil akasema.

Akakiachia kitasa taratibu ili kisilie, akarudi kusimama ukutani, akingoja.